Rangi ya gari isiyong'aa: doa halitoki kwa kusugua

Mtoto wa miaka saba akiandika "NIOSHE" kwa kidole kwenye vumbi la gari la nyumbani, watu wazima hucheka, gari linaoshwa na mambo yanaisha. Kwenye gari lenye rangi ya mati, ile isiyong'aa inayozidi kuonekana mitaani, mambo hayaishi hapo. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi. Kidole kikizisukuma, zinachora. Gari likishaoshwa, neno linabaki likisomeka kila jua linapopiga kwa upande, na hakuna polishi itakayolifuta.

Mara nyingi mzazi ndiye anayemalizia kazi. Anachukua kitambaa, anaweka polishi, anasugua kwa nguvu mpaka jasho linamtoka. Michoro inafifia kweli, lakini mahali pake panatokea kiraka kinachong'aa, kikubwa kama sahani, katikati ya boneti ambayo haikukusudiwa kung'aa.

Wanaoosha magari kwa miaka mingi hulalamikia jambo hilo hilo. Kinachodondokea rangi ya mati, kiwe kinyesi cha ndege, lami au utomvu, kwa kawaida hutoka. Kinachobaki milele ni alama ya mtu aliyekiondoa vibaya. Kwa familia yenye gari moja, watoto watatu na mwembe uani, tofauti hiyo ni tofauti ya maji na kitambaa kwa upande mmoja, na kupiga rangi upya paneli nzima kwa upande mwingine.

Suruali ya shule inaeleza yote

Mzazi yeyote aliyewahi kununua sare anaijua hali hii. Suruali mpya ya shule haing'ai. Baada ya mihula miwili ya kukalia dawati na kupigwa pasi bila kitambaa juu yake, makalio na magoti yanaanza kung'aa kama yamepakwa mafuta. Hakuna kilichoongezwa pale. Nyuzi zilizokuwa zimesimama zimelazwa, na mwanga uliokuwa ukitawanyika sasa unarudi moja kwa moja machoni. Ifuliwe mara kumi, mng'ao hautoki.

Rangi ya mati iko hivyo hivyo. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Kwenye gari la kawaida klia ni nyororo kama kioo cha dirisha la sebuleni. Kwenye gari la mati, klia huchanganywa na unga laini sana, mara nyingi wa silika, unaoufanya uso uwe na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, mfano wa kile kioo cha dirisha la bafuni. Mwanga ukifika hapo unatawanyika. Anayesugua anavisawazisha vinundu, na vikishalala havisimami tena.

Polishi na kompaundi hufanya kazi kwa kukwangua kidogo kidogo. Dawa ya meno, ambayo haikosi kupendekezwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nayo ina chembe za kukwangua, ndiyo maana husafisha meno. Kwenye gari linalong'aa hilo ni jambo jema, kwa kuwa mkwaruzo huondoka pale sehemu za pembeni yake zinaposhushwa zikalingana nao. Kwenye mati, kukwangua huko ndiko hasara yenyewe. Nta nayo haifai, kwa sababu hujaza mabonde yaliyo kati ya vinundu na kuleta mng'ao wa mabaka mabaka.

Rangi hizi si ngeni Afrika Mashariki kama vijana wanavyodhani. Datsun nyekundu zilizotamba kwenye Safari Rally mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na boneti nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimrudie dereva machoni. Kilichobadilika ni kwamba leo gari zima linapakwa hivyo kwa urembo. BMW huziita rangi zake za namna hii Frozen, Mercedes-Benz huziita Magno, na wapo wauzaji wa ng'ambo wanaomtaka mnunuzi atie saini kwamba ameelezwa masharti ya kuitunza. Anayenunua gari lililokwishatumika huku kwetu hapewi karatasi hiyo. Anapewa funguo tu.

Kwanza ijulikane: ni rangi au ni stika?

Magari mengi ya mati yanayoonekana mjini hayakupakwa rangi. Yamebandikwa stika gari zima. Jibu linapatikana kwa kufungua mlango na kuangalia ukingoni, au kufungua kifuniko cha tangi la mafuta. Palipobandikwa huonekana ukingo wa plastiki uliokunjwa, na rangi ya ndani mara nyingi ni tofauti na ya nje.

Ni muhimu kujua kwa sababu stika ni plastiki yenye gundi chini yake. Dawa kali za kuyeyusha huilainisha na kuilegeza gundi, na mashine ya maji ya presha ikielekezwa ukingoni huibandua. Lakini stika ina faida moja kubwa kwa mwenye watoto: paneli ikiharibika, kipande kinabanduliwa na kubandikwa kingine, na rangi ya chini ikabaki salama.

Kundi la tatu ni gari lililopigwa rangi ya mati kwenye gereji ya mtaani. Rangi ya namna hiyo, hasa ikiwa bado changa, inaweza kutoka pamoja na doa ikiguswa na thina. Kila dawa ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango, na isubiriwe ikauke kabla ya kuamua.

Ndege, popo na mwembe

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, adui wa kwanza wa gari ni kunguru, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kula taka, akaishia kula na vifaranga. Anakaa kwenye waya wa umeme na gari liko chini yake. Usiku wanaingia popo kwenye mkungu, wanakula matunda na kuachia walichomeng'enya.

Kinyesi cha ndege kina mambo mawili mabaya. Ule weupe wake ni asidi ya yuriki, ambayo inakula klia. Humo ndani pia kuna mchanga na vipande vya mbegu, kwa hiyo anayekipangusa kikiwa kikavu anatumia msasa bila kujua. Jua huongeza ubaya. Boneti nyeusi iliyoegeshwa nje mchana inakuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, rangi inalainika na kutanuka, kisha jioni inapoa na kusinyaa ikiwa imekumbatia uchafu. Kwenye gari linalong'aa alama inayobaki fundi anaweza kuipunguza kwa polishi. Kwenye mati hawezi. Ndiyo maana hapa muda ni bora kuliko dawa: kinyesi cha asubuhi kitolewe kabla ya adhuhuri.

Namna ya kukitoa ni rahisi, inahitaji uvumilivu tu. Gari liwe kivulini na bati lake liwe limepoa. Kitambaa laini cha maikrofaiba kilowekwe kwenye maji ya vuguvugu, kikamuliwe kidogo, kisha kilazwe juu ya doa kama mama anavyomkanda mtoto mwenye homa. Kikae dakika tano hadi kumi. Kisha kinyanyuliwe kwenda juu, bila kuburutwa, na uchafu unyanyuke nacho. Kama kuna kilichobaki, kitambaa kigeuzwe upande safi na kazi irudiwe. Wadudu waliopasukia kwenye bampa baada ya safari ya usiku huondolewa vivyo hivyo. Mwenye haraka akirudia mara ya pili badala ya kusugua mara moja atapoteza robo saa, basi.

Utomvu ni hadithi nyingine. Watoto wanaokwea miembe wanajua maji ya kikonyo cha embe yanavyochoma midomo, na yanayochoma ngozi hayawezi kuwa rafiki wa rangi. Utomvu mbichi hutoka kwa maji ya vuguvugu yenye shampuu ya gari. Uliokauka ukawa kama gundi unahitaji spiriti ya isopropili, ile ya maduka ya dawa, iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Haimwagwi juu ya gari. Hutiwa kwenye kitambaa, kitambaa kikashikizwa juu ya utomvu kwa nusu dakika hivi, kikanyanyuliwa, na mahali pale pakasuuzwa kwa maji mengi. Tone kubwa linaweza kuhitaji mara nne au tano. Kisu, ukucha na dodoki havina kazi hapo.

Karatasi ya andazi

Doa linalowachanganya wazazi wengi halitoki juu, linatoka mikononi mwa watoto. Mtoto anakula andazi lililofungwa kwenye karatasi, anaegemea mlango, na pale alipoegemea panabaki alama nyeusi ya kiganja. Mafuta ya kujipaka, mafuta ya nazi ya nywele na chipsi hufanya vivyo hivyo, na dizeli iliyochuruzika chini ya kifuniko cha tangi ni ndugu yao.

Kinachotokea ni kile kile kinachoipata karatasi ya andazi. Mafuta yanaingia kwenye mabonde madogo, yanayajaza, na pale panakuwa peusi kuliko pembeni. Rangi haijaharibika. Habari mbaya ni kwamba kupangusa kwa kitambaa kikavu kunayatandaza mafuta mbali zaidi.

Shampuu ya gari iliyoyeyushwa kwenye maji, ipakwe kwa kitambaa laini na kuachwa dakika moja au mbili kivulini, hutosha kwa alama nyingi. Shampuu yenyewe isiwe na nta wala kitu cha kung'arisha, jambo linaloandikwa kwenye chupa, na isiwe kali. Sabuni ya unga ya kufulia haifai kabisa, kwa kuwa chembe zisizoyeyuka hukwaruza. Mafuta yakigoma, ule mchanganyiko wa spiriti na maji utumike kidogo, kisha pasuuzwe.

Lami, na chupa ya soda yenye petroli

Barabara ikiwekwa lami mpya, milango ya chini na sehemu za nyuma ya matairi hujaa vidoa vyeusi. Ushauri wa kwanza mtaani ni petroli. Wa pili ni mafuta ya taa, wa tatu ni thina. Zote huyeyusha lami, hilo ni kweli. Petroli na thina zinaweza kulainisha klia na kuacha baka, thina inaweza kuondoka na rangi ya gereji, na mafuta ya taa huacha utelezi unaoonekana kama ile alama ya andazi, ila mkubwa mara kumi.

Kuna dawa maalumu za kutoa lami zinazouzwa maduka ya vifaa vya magari. Zinatumika kama spiriti: kwenye kitambaa, si moja kwa moja kwenye gari, na kwa eneo dogo dogo. Kitambaa kikishikizwa juu ya kidoa, lami inayeyuka na kuwa kahawia. Hapo inadakwa kwa upande safi wa kitambaa na kunyanyuliwa, kisha eneo zima linaoshwa kwa shampuu kabla dawa haijakauka. Vitambaa vya lami visirudi kwenye boneti. Chembe ya kokoto iliyonasa humo inatosha kuharibu siku.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko rangi. Petroli ya kutolea lami hununuliwa kidogo, na kinachopatikana kwa haraka ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Nusu inatumika, nusu inabaki. Chupa inawekwa chini ya sinki au kwenye kona ya baraza. Wiki moja baadaye mtoto wa miaka miwili ametoka kucheza, ana kiu, na anaiona chupa anayoijua.

Mafuta ya taa na petroli ni miongoni mwa sumu zinazowapeleka sana watoto wadogo hospitalini katika nchi zetu, na chupa ya kinywaji ndiyo njia yake kuu. Hatari kubwa haiko tumboni. Iko pale mafuta yanapoingia mapafuni, mtoto anapopaliwa au anapotapika, na kumletea nimonia ya kemikali. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa asitapishwe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Asipewe maziwa, asipewe mafuta ya kula, hata kama bibi anasisitiza. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa. Hata kama anaonekana mzima apelekwe, kwa sababu kukohoa na kuhema haraka kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Dawa ikimwingia jicho, lisuuzwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, akiwa njiani kutafutiwa msaada.

Dawa za gari zikae kwenye chupa zake zenye maandishi, kwenye kabati linalofungwa, juu kuliko mkono wa mtoto. Vitambaa vilivyolowa petroli visikaribie jiko. Na petroli ya kutolea lami isinunuliwe kabisa, kwa kuwa gari haliihitaji.

Cheche za geti

Vidoa vingine hufanana na vumbi la karoti: vitone vidogo vya rangi ya chungwa au kahawia, visivyotoka kwa kuosha. Hivyo ni vipande vya chuma vilivyojichomeka kwenye rangi na kuanza kushika kutu. Hutoka kwenye breki za gari lenyewe, lakini hapa kwetu chanzo kikubwa ni mafundi wa kuchomelea. Familia inatengeneza geti au madirisha nyumbani, grainda inanguruma siku tatu, na gari limeegeshwa hatua sita kutoka hapo. Cheche zinazopendeza kutazama ni chuma cha moto. Zinatua juu ya paa na boneti, zinazama kidogo na kupoa humo.

Njia ya kuzigundua kabla hazijashika kutu ni kuvaa mkononi mfuko mwembamba wa plastiki, ule wa mkate kwa kuwa mingine imepigwa marufuku, na kupapasa taratibu gari likiwa limeoshwa na bado lina maji. Vidole huhisi ukwaruzi ambao mkono mtupu hauuhisi. Mati ina ukwaruzi wake wa asili, hivyo paneli mbili zilinganishwe, moja iliyokuwa upande wa fundi na moja iliyokuwa mbali.

Dawa ya kazi hii hupuliziwa kwenye gari lililopoa, hukutana na chuma na kugeuka zambarau, kisha husuuzwa kwa maji mengi baada ya dakika chache kabla haijakauka. Haihitaji kusuguliwa, ndiyo maana inaifaa mati. Inanuka vibaya. Akina mama waliotia nywele kalikiti miaka ya 1980 wataitambua harufu hiyo bila kuambiwa, kwani kemikali yake, thayoglikoleti, ni ya ukoo ule ule. Glavu zivaliwe, kazi ifanyike nje, watoto wawe ndani. Ule udongo maalumu wa kuvutia uchafu, ambao wenye magari yanayong'aa huusifia, unafanya kazi kwa kusugua, na kwa mati ni afadhali ukae dukani.

Maji ya kisima

Nyumba nyingi za pwani na za Dodoma hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Yakikauka juu ya gari huacha miduara myeupe, na kwenye rangi nyeusi ya mati miduara hiyo huonekana kama ugonjwa wa ngozi. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kwenye kitambaa, dakika moja, kisha kusuuza: inatosha kwa miduara michanga. Ya miezi mingi inaweza kuwa imeshaingia ndani ya klia.

Kinga yake ni nyepesi zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa safi hayana chumvi hizo. Ndoo moja ya mwisho ya maji ya mvua, kisha taulo laini lililogandamizwa badala ya kuburutwa, na miduara haipati nafasi.

Watoto waoshe gari?

Waoshe. Kazi ya Jumamosi ya kuosha gari ni nzuri, na mtoto aliyeelezwa sababu huwa mwangalifu kuliko kijana wa sehemu ya kuoshea magari mwenye foleni ya magari manane. Mpira wa maji uanze, juu hadi chini, mpaka vumbi liondoke kabla ya mkono wowote kugusa bati. Ndoo ziwe mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kiende kwa mstari ulionyooka, kwa uzito wake chenyewe. Kikianguka chini, hakitumiki tena siku hiyo. Sponji ya jikoni yenye upande mgumu isitoke jikoni.

Jambo la maana zaidi kwa mtoto ni kuripoti. Mtoto ndiye anayecheza karibu na gari mchana baba na mama wakiwa kazini, na ndiye wa kwanza kuona kunguru alichofanya. Aambiwe asipanguse. Amwite dada au mkubwa mwingine wa nyumbani, ambaye atamwagia maji mahali pale na kulaza kitambaa chenye maji.

Turubai la kufunikia gari lina mtego wake. Likivishwa gari lenye vumbi, upepo hulitikisa na kulifanya msasa wa ukubwa wa gari zima. Lifunike gari safi tu, au lisitumike.

Likigoma

Kuna doa ambalo baada ya maji, shampuu, spiriti na siki bado lipo. Hapo busara ni kuacha. Alama iliyobaki ya kinyesi mara nyingi huonwa na mwenye gari peke yake, ilhali kiraka kinachong'aa huonwa na mtaa mzima.

Ikiwa lazima itengenezwe, fundi wa bodi hawezi kupiga kipande. Rangi ya kawaida hupulizwa kwa eneo dogo na kupolishiwa mpaka mpaka wake usionekane. Mati haipolishiki, kwa hiyo paneli yote hupigwa kutoka ukingo hadi ukingo. Tena kiwango cha kutong'aa hutegemea uchanganyaji wa klia, unene wa mpulizo na namna ilivyokauka, kiasi kwamba mafundi wawili wenye mkebe ule ule hutoa mati mbili tofauti. Fundi anayejua kazi hupuliza kwanza kipande cha bati cha majaribio, akakiacha kikauke na kukiweka kando ya gari. Anayesema hakuna haja aachwe. Wengine huamua hapo hapo kubadili gari zima lirudi kung'aa, na kwa familia yenye watoto wadogo si uamuzi wa aibu. Wakumbuke tu kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilika mamlaka ya usajili inapaswa kuarifiwa.

Siku ya kulichukua, gari litolewe nje ya banda jioni, jua likiwa chini, na litazamwe kwa ubavu, si kwa mbele. Paneli mpya ikiwa inang'aa kuliko jirani yake, hapo ndipo pa kusema, kabla fedha haijatoka mfukoni. Ikikubalika, fundi aulizwe ni wiki ngapi ikae bila kuguswa na dawa yoyote. Mpaka siku hizo zitimie, kunguru akifanya yake, ni maji na kitambaa tu.